Samli ya Siku ya Nane

Pazia lilipovutwa saa kumi jioni, Mama Amba alikuwa kichwa wazi.

Waumini waliokuwa wamekaa sakafuni waliacha kuimba mmoja baada ya mwingine. Sanamu ya marumaru ya mungu huyo wa kike ilikuwa pale pale juu ya simbamarara wake, imevikwa sari nyekundu na mashada ya maua, macho yake ya kuchorwa yakiwatazama kama siku zote. Lakini taji la fedha, ambalo kwa miaka arobaini hakuna aliyemwona Mama bila kulivaa, halikuwepo. Miguuni pake taa ya samli iliendelea kuwaka, imara, bila moshi.

Pandit Girish, kuhani wa hekalu, aliangusha kengele.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya sita ya Navratri, sikukuu ya siku tisa ambayo Wahindu wa Nyeri huiadhimisha kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia. Kufikia saa kumi na moja kasorobo, Inspekta Waithira Gatimu alikuwa kwenye ngazi za hekalu akivua viatu.

Koplo Mujahid, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, alikuwa amekwisha kuvua vyake. Alitazama soksi ya mkubwa wake, ambayo kidole gumba kilikuwa kimeitoboa na kuchungulia nje.

"Afande, sisi wa msikitini tulijifunza zamani. Soksi hununuliwa kwa ajili ya siku kama hii."

"Andika saa, Mujahid."

"Nimeshaandika."

Mwenyekiti wa kamati ya hekalu, Harshad Vora, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliwapokea huku akizungumza kwa kasi. Kila siku saa sita mchana, alisema, Mama hupewa chakula, pazia hufungwa, naye hulala. Hakuna anayemsumbua hadi saa kumi. Pandit hupumzika chumbani kwake nyuma ya hekalu. Ukuta wa nyuma ni mrefu na una vigae vya chupa juu. Hakuna kilichovunjwa.

"Geti moja, askari mmoja," alimaliza. "Unataka nini zaidi, Inspekta?"

"Muda kidogo."

Waithira hakuwa mtu wa haraka. Alizunguka ukumbi taratibu akiandika kila alichokiona, hata kile kisichokuwa na maana: mikeka, ngoma mbili, rafu yenye mikebe kumi na mmoja ya chuma iliyofungwa uzi mwekundu, sanduku kubwa la mbao kando ya pazia, taa iliyojaa samli. Konstebo mmoja alitaka kufungua lile sanduku. Harshad akamzuia kwa mkono.

"Hizo ni nguo za Mama. Mtu wa nje hazigusi."

Konstebo alimtazama Waithira. Waithira akatikisa kichwa, naye konstebo akaliacha. Mambo ya watu huyaendei kwa kishindo, aliwaza, mpaka uwe na sababu.

Mtaalamu wa alama za vidole alipata za watu wawili tu kwenye kiti cha sanamu: za pandit na za Nirmala Soni, mjane anayemvisha Mama kila asubuhi. Zote zilikuwa na haki ya kuwepo. Hazikumsaidia.

Alimhoji askari wa geti ndani ya kibanda chake. Kingori alikuwa mtu wa miaka sitini na mmoja, mwenyeji wa Naro Moru. Ujanani aliwabebea wapanda mlima mizigo hadi goti likakataa. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye geti lile.

"Kuanzia saa sita mpaka waumini walipokuja, nani aliingia?"

Kingori aliigeuza kofia yake mikononi. "Mimi nilikuwa kwa geti, madam."

"Hilo najua. Nani aliingia?"

"Kitabu ya wageni iko hapo."

Waithira alikifungua. Kati ya saa sita na saa kumi hapakuwa na jina hata moja.

"Kitabu hakisemi kitu. Nakuuliza wewe."

"Mimi sina ya kuongeza."

"Ulitoka hapa hata kidogo?"

"Sikutoka."

"Ulilala?"

Kingori alimtazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyetukanwa. "Mimi silali kazini."

Mujahid alimnong'oneza afande wake nje ya kibanda. "Hakutoka, hakulala, na hasemi nani aliingia. Huyu amejifunga mwenyewe."

"Umesikia alichosema, Mujahid?"

"Hakusema kitu."

"Ndiyo. Hakusema kwamba hakuna aliyeingia."

Lakini mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kupigiwa simu na Harshad, naye akampigia Waithira. Mtu aletwe, jalada lifunguliwe, Jumatatu asubuhi afikishwe mahakamani. Waithira aliomba siku zaidi. Akapewa Jumapili.

Walipokuwa wakimwingiza Kingori kwenye gari, mwanamke mzee mwenye sari nyeupe alitoka hekaluni akiwa na chupa ya chai na kikombe cha chuma. Alisimama karibu na mlango wa gari.

"Mnampeleka wapi?"

"Kituoni, mama," Mujahid alimjibu. "Kuandikisha maelezo."

"Hajanywa chai."

"Atakunywa huko."

Yule mama alimimina chai kikombeni. Kingori alikaa akitazama mbele, mikono juu ya magoti. Gari lilipoondoka, Waithira aliona kwenye kioo kwamba mama bado amesimama pale pale, na kikombe kimejaa.

"Ni nani yule?"

"Nirmala Soni," Mujahid alisema. "Nimeuliza. Kila jioni humletea askari chai. Miaka yote hiyo."

Jumapili asubuhi, saa ambayo mama yake huko Gakindu alidhani yuko kanisani, Waithira alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya pazia, daftari mapajani. Alimwomba Harshad amweleze tena juu ya taji.

"Ni fedha, si dhahabu," Harshad alisema. "Mwizi atapata kidogo tu. Sisi ndio tuliopata hasara. Tulikuwa tumhamishe Mama kwenda Nairobi Jumatano, siku ya Dasara, Navratri ikiisha. Gari limekodiwa. Sasa haiwezekani."

"Kumhamisha?"

"Nilipokuwa mtoto tulikuwa familia sitini hapa. Leo ni kumi na moja, wazee watupu. Watoto wako Nairobi, wako Uingereza. Nani atamhudumia tukiisha? Kamati imeamua. Lakini Mama hasafiri kichwa wazi. Lazima atoke na mapambo yake yote. Taji jipya lazima liagizwe India, miezi minne."

Waithira aliandika: miezi minne. Akapiga mstari chini yake.

Kisha akamwita pandit. Girish alikuwa kijana wa Gujarat mwenye miaka minne tu Nyeri, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Panditji, nieleze juu ya hii taa."

"Hii haizimi. Siku tisa, usiku na mchana. Ikizima, ibada yote imevunjika."

"Samli ya mara moja inakaa saa ngapi?"

"Tatu. Tatu na kidogo."

"Jana uliijaza saa ngapi?"

"Saa sita, kabla kufunga pazia."

"Halafu?"

Pandit aliitazama taa. Waithira hakumharakisha. Alisubiri huku akitazama ule mwali mdogo.

"Kila siku naingia tena saa tisa," Girish alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Jana nilikuwa na homa. Nimefunga siku sita. Nililala mpaka saa kumi kasoro dakika tano. Nilikimbia. Nilijua taa imekufa. Nikavuta pazia, na taa..." Alifumba macho. "Taa ilikuwa imejaa. Nilisema, Mama ameniokoa. Sikumwambia mtu."

"Imejaa kabisa?"

"Mpaka ukingoni. Na utambi umesafishwa."

Mujahid aliinua uso kutoka kwenye daftari lake. Waithira alihesabu kimya. Kutoka saa sita, saa tatu na kidogo. Mtu aliyekuwa ndani baada ya saa tisa alikuta mwali unakaribia kuisha. Alikuwa na taji mkononi, au alikuwa karibu kulishika. Na akasimama kutunza taa.

"Samli yako unaiweka wapi?"

"Kabati. Ufunguo huu." Ulikuwa umefungwa kwenye kamba kiunoni mwake. "Nilikuwa nao kitandani."

"Na saa tisa huwa unaamka mwenyewe?"

"Hapana. Kingori anagonga. Kila siku, saa tisa kasorobo."

"Jana aligonga?"

"Hakugonga."

Kituoni Kingori aliketi kwenye benchi la saruji, viatu vyake havina kamba. Waithira aliagiza mlango ufunguliwe, akaketi benchi lilo hilo.

"Miaka ishirini na miwili unamwamsha pandit. Jana hukumwamsha. Kwa nini?"

Kingori alinyoosha mikunjo ya suruali yake.

"Kuna mtu alikwambia usimwamshe."

Kingori alitazama viatu vyake.

"Mtu unayemwamini. Mtu ambaye huwezi kumwandika kwenye kitabu cha wageni, kwa sababu si mgeni."

"Madam, kazi yako ni kuuliza. Kazi yangu ni geti." Alisema bila jeuri. "Anayepita kwa geti yangu asubuhi, na mchana, na jioni, ati leo nimtaje kwa polisi kwa sababu kitu imepotea? Na kama hakuchukua?"

"Na kama alichukua?"

"Basi ana mdomo. Atasema."

"Kesho ni mahakamani, mzee. Ukisomewa shtaka la wizi, hapana mtu Nyeri nzima atakayekupa geti lingine."

"Najua." Alisugua goti lake baya. "Kuna siku imebaki. Nangoja."

Saa saba na nusu, pazia likiwa limefungwa tena na ukumbi uko kimya, Waithira alirudi kwenye rafu ya mikebe kumi na mmoja. Pandit alieleza kwamba kila familia ilileta mkebe wake siku ya kwanza, umejazwa samli ya nadhiri na kufungwa uzi. Haifunguliwi hadi siku ya nane, ndipo yote humiminwa katika taa mbele ya watu.

"Na leo ni siku ya saba," Waithira alisema. "Kwa hiyo yote ni mizito."

"Yote mizito."

"Naweza kuishika?"

Pandit alisita, kisha akamwonyesha mahali pa kunawa. Waithira alinawa hadi kwenye viwiko. Akainua mkebe wa kwanza kwa mikono miwili, akaupima, akaurudisha. Wa pili. Wa tatu. Mujahid alisogea karibu. Wa sita, wa saba. Hakuruka hata mmoja.

Wa tisa ulipanda mkononi kwa wepesi uliomshtua.

Aliugeuza. Uzi mwekundu ulikuwa umefungwa upya, na fundo lake lilikuwa kubwa kuliko mengine, kama lililofungwa kwa haraka. Chini ya mkebe, kama wafanyavyo watu hawa kwa vyombo vyao vyote ili visipotelee kwenye karamu, jina la mwenyewe lilikuwa limechongwa kwenye chuma.

"Mikebe kumi na mmoja," Mujahid alisema polepole. "Akafungua wake."

Nirmala Soni alikuwa upande wa pili wa ukumbi, karibu na lile sanduku la mbao, akitunga maua ya manjano kwa sindano. Waithira aliketi mbele yake. Aliuweka mkebe kwenye mkeka kati yao.

"Mama, huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ni mwepesi."

Sindano ilipita kwenye ua moja, likafuata lingine.

"Nilijiuliza jambo moja," Waithira alisema. "Mtu anachukua taji. Ana haraka. Anaona taa inakufa. Mbele yake kuna mikebe kumi na mmoja ya kuchagua. Angefungua wa mtu yeyote, na mimi nisingekuwa hapa. Kwa nini alifungua wake?"

"Samli ya nadhiri ya mtu haiguswi." Nirmala alijibu kana kwamba ameulizwa na mtoto. "Hiyo ni ya yule mtu na Mama. Ukiimimina wewe, umemwibia."

Mujahid aliacha kuandika.

"Na taji, mama?"

"Taji sikuiba." Aliiweka sindano chini. "Nimezaliwa hapa Nyeri, Inspekta. Kiswahili najua, Kikikuyu najua. Najua kuiba ni nini. Taji halijatoka humu ndani."

Alijiinua kwa shida, akafungua sanduku la nguo za Mama. Aliondoa sari za kijani, za manjano, za bluu, moja moja, akizikunja upya alipozitoa. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe. Ndani yake, taji.

"Mume wangu ndiye alilifua," alisema. "Alikuwa sonara, kile chumba nyuma ya duka letu. Tulikuwa na binti, Hansa. Homa ilimchukua akiwa na miaka mitano. Watoto wadogo sisi hatuwachomi, tunawazika. Yuko kule chini, karibu na mto. Alikuwa na njuga za fedha miguuni. Ukimtafuta ndani ya nyumba unasikia tu yuko wapi. Mume wangu aliziyeyusha, akazitia hapa." Alipitisha kidole sehemu ya mbele ya taji. "Miaka arobaini namvika Mama kila asubuhi, na kila asubuhi naligusa."

"Na kamati ikaamua Mama aende Nairobi."

"Harshad aliniambia kwa simu. Kama mtu anayekwambia kesho maji yatakatwa." Alikaa tena, taji mapajani. "Nilisema, nikilificha, safari haitakuwepo. Miezi minne. Katika miezi minne labda watabadili mawazo. Au nitakufa, na wafanye wanavyotaka."

"Ulimwambia Kingori asimwamshe pandit."

"Nilimwambia ana homa, mwache, taa nitaiangalia mimi. Haikuwa uongo. Niliiangalia."

"Na ulipoona anakamatwa?"

Nirmala alilitazama taji mapajani. Vidole vyake vilitafuta sindano mkekani, vikaipata, vikaiacha.

"Nilidhani wangesema ni mwizi kutoka nje, basi. Sikujua mwizi lazima apewe jina siku ile ile."

"Lakini ulimwona akiingia garini. Ulisimama mlangoni."

"Nilikuja kusema," mama yule alisema. "Maneno yalikuwa hapa." Aligusa koo lake. "Nikasema hajanywa chai."

Waithira alifunga daftari. Katika miaka yake kumi na sita ya kazi alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, na wengi wao walilia. Huyu hakulia. Aliomba tu ruhusa apitie kwake achukue chupa ya chai.

Kituoni, saa nane na dakika arobaini, walimtoa Kingori. Aliwekewa kwenye kaunta mkanda wake, kofia, na kamba za viatu. Nirmala alikuwa kwenye benchi, mikono kwenye chupa. Maelezo yake yalikuwa yanapigwa chapa ndani. Harshad alikuwa amefika, ametazama taji, akatoka nje kusimama peke yake. Waithira alikuwa amemwambia mama wazi kwamba jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kwamba siku ile moja aliyolala mtu mwingine seli itaandikwa ndani yake.

"Iandike," Nirmala alikuwa amesema.

Kingori aliketi mwisho wa benchi kufunga viatu vyake. Nirmala alimimina chai kwenye kikombe cha chuma, akaisogeza.

"Nisamehe, Kingori."

Yule mzee alipitisha kamba tundu moja baada ya jingine. Goti lilimsumbua, ilichukua muda.

"Jana jioni nilihesabu magari, mama," alisema, bado ameinama. "Kila gari iliingia hapa, nilisema, huyo ni yeye. Leo asubuhi pia. Mchana nikaacha kuhesabu."

"Nimekuja sasa."

"Umeletwa."

Nirmala aliinamisha kichwa. Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke kati yao. Kingori alisimama, akavaa kofia yake, akakitazama.

"Asante, mama. Leo nitakunywa kwangu."

Alikwenda hadi mlangoni. Waithira alidhani amekwenda. Lakini alisimama kwenye kizingiti akiitazama saa ya ukutani, na Waithira akageuka kuitazama pia, kama Nirmala, ambaye macho yake hayakuwa yameondoka kwenye saa ile tangu alipoketi.

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Panditji bado ana homa?" Kingori aliuliza.

"Bado," Nirmala alijibu.

"Basi hakuna mtu wa kumgongea." Alivuta kofia chini kidogo. "Wacha nikimbie."

Akatoka, akichechemea, akipanda mlima kuelekea hekaluni kwa kasi yote ambayo goti lile lingemruhusu.